Kamera Haiingii Sandukuni

Shangazi yangu mpenzi,

Nimeolewa! Leo ni siku ya kumi na nne, na bado nikimsikia Salim akipanda ngazi moyo hunidunda kama wa mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Ni karani wa bohari huko Shimanzi, hurudi na vumbi la saruji kwenye nyusi, na mimi, wallahi, sioni mwanamume mzuri kama yeye kisiwa kizima. Ungalikuwapo ungalinicheka. Huu mwaka wa pili tangu ututoke, na lililonifika sina wa kumwambia ila wewe.

Unakumbuka nilipomaliza kidato cha nne? Wenzangu walitafuta ukarani, mimi nikaja kujifungia nawe katika chumba kile cha chini ya ngazi. Giza totoro, harufu ya dawa, wewe ukisafisha mkanda wa picha, mimi nikikuhesabia muda kwa tasbihi kwa kuwa saa haikuonekana.

"Umelala, we mtoto?"

"Sijalala, shangazi. Nimesahau nilipofika."

"Basi kesho kamwambie wewe bibi harusi kwamba sura yake imeliwa na dawa!"

Kazi hii uliianza siku studio moja ilipoweka dirishani picha ya shoga yako, kichwa wazi, kila mpita njia wa Ndia Kuu akamtazama. Ukaapa kwamba wanawake watapigwa picha na mwanamke, zitasafishwa na mwanamke, na mkanda wenyewe atakabidhiwa bibi harusi auhifadhi kwake. Hukujibakizia hata mmoja. Ndiyo maana hakuna pa kwenda kuonyeshwa kazi yako. Imo kabatini mwa wanawake wa mji huu, chini ya kanga zao.

Sasa sikia aibu yangu. Siku ya kupambwa nilikaa kitini, hina mpaka viwikoni, macho nimefumba kama ada inavyotaka, kwani bibi harusi hatazami wala hasemi. Kamera nilimpa binamu yangu Zuwena. Nikasikia kitufe: ta, ta, ta. Nikashindwa. Nikafumbua jicho moja, na nini naona? Kifuniko kimo juu ya lenzi!

"Zuwena! Kifuniko!"

Nyumba nzima wakanigeukia. Kisha bibi mmoja akapaza sauti, "Haya! Kasema huyo! Mpeni na ngoma apige mwenyewe!" Vicheko, vigelegele, hata mimi midomo ikanicheza. Mavyaa wangu, mamake Salim, hakucheka.

Juzi akaniita, Salim akiwapo.

"Mwanangu, mji mzima wanicheka. Hiyo kamera itie sandukuni, ufunge. Mke wa mtu hazunguki nayo majumbani mwa watu."

"Mama, nakuheshimu. Niambie nipike, nitapika. Niambie nifue, nitafua. Kamera siifungii."

"Ati?"

"Siifungii, mama."

Akamgeukia mwanawe. Salim alitazama chai yake, akaitazama mno, kisha akasema, "Mama, mimi nilimposa nikiijua kazi yake."

Shangazi, nilitaka kumbusu pale pale mbele ya mamake! Kesho yake Salim akarudi na magunia matupu begani, akaliziba dirisha la stoo nipate pa kusafishia mikanda, giza mpaka usione hata mkono wako.

Wanasema wewe ndiwe uliyenipoteza. Na waseme. Bila wewe ningalikuwa mke wa kutazamwa tu sikukuu hadi sikukuu. Wewe ukanipa kazi, na jeuri ya kuishika. Zuwena naye ananililia nimfundishe. Nimemwambia somo la kwanza analo tayari. Nitamfundisha, naye atafundisha wenziwe, na wanaotukataza watachoka kabla yetu.

Jana niliitwa kwa bibi harusi Majengo. Wewe kamera yako uliificha ndani ya buibui miaka yote ile, na sikulaumu. Mimi niliivaa juu, mchana kweupe, nikaipita Ndia Kuu polepole wakanitazama watakavyo. Mavyaa alikuwa dirishani. Nilimwamkia kwa adabu zote ulizonifunza. Hakuitikia.

Alhamisi nimeitwa kwengine. Nitamwamkia tena.

Mola akulaze pema, shangazi. Pumzika, kazi ina mtu.

Binti wa kakako, mke wa Salim, mpiga picha wa wanawake