Picha ya Athumani Tuliyoitazama kwa Nyuma

Baba Athumani,

Salamu ziwe juu yako kutoka kwetu sote uliotuacha hapa Mji wa Kale. Mamako akusalimu, miguu yamuuma, lakini swala ya Alfajiri haimpiti. Nduguyo Masudi akusalimu, ila ana hasira. Zuhura akusalimu, meno ya mbele yamemtoka, akicheka hujifumba mdomo. Vita vimekwisha, mchele bado wa shida. Na Athumani akusalimu, ingawa tangu juzi hanisemeshi.

Mimi mkeo naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni. Sina nyingine.

Wawakumbuka wale vijana waliokuwa wakimnyang'anya Athumani kofia kwa ajili ya mguu wake uliopinda? "Kiguru, ikimbilie!" Wewe ulitaka kwenda kwa wazee wao, mimi nikakuzuia. Nikamwambia mtoto, vumilia, watachoka. Umekufa wewe, baba, nao hawajachoka.

Sasa Yusufali, mwana wa muuza vitambaa, ana mashine ya picha zinazotembea. Athumani akamweleza yote, wakatengeneza sinema yao wenyewe. Athumani yumo, na walewale vijana wakakubali kuigiza. Haisemi, yatembea tu. Juzi baada ya Isha wakatundika shuka uani kwa kina Yusufali. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya shuka.

Ya Rabi, nilivyotahayari! Mle pichani mtoto ala muhogo kwa mkono wa kushoto, watu wote waona. Bi Mwanaisha akaguna: "Shoga, hukumfunza?" Tuliporudi nikamkaripia. Akaniuliza, "Mama, wewe ulikaa upande gani wa shuka?" Akalala bila kula.

Sikuelewa, hadi Zuhura aliponinyanyulia kanga yangu juani, nikaona maandishi yake kwa nyuma. Yote yamegeuka.

Nikaenda kwa mamake Yusufali, nikaomba nionyeshwe kwa mbele. Mwanao ala kwa mkono wa kulia, kama tulivyomfunza. Tena nikaona lililonipita nikibishana na Bi Mwanaisha: mtoto yuko mlangoni kichwa wazi, anayeigiza mamake amwashiria aingie, kisha afunga mlango taratibu. Taratibu vile vile nilivyokuwa nikiufunga mimi.

Barazani maneno ni mengi. Wako waliosifu. Wako waliocheka kofia ilipoangukia mtaroni. Mmoja wa wale vijana, alipojiona akicheka, aliondoka kabla haijesha. Mwalimu wa chuo asema ina kasoro, haina mwisho, hakuna aliyeomba radhi. Athumani akamjibu, "Maalim, hata mimi sijaombwa."

Masudi asema imetutangaza, ichomwe kabla ya Alhamisi, maana yataka kuonyeshwa Majengo. Angoja neno langu tu.

Naogopa. Huko hawamjui. Wakimcheka, nitamficha wapi?

Lakini kumficha ndiko nilikofanya miaka yote. Masudi nitamwambia la. Alhamisi nitakwenda Majengo, na mamake Yusufali amekubali wanawake tuwe na zamu yetu, tukae mbele. Na sasa hivi, nikiweka kalamu chini, nakwenda kugonga mlango wa chumba cha Athumani nimwombe radhi. Wa kwanza niwe mimi.

Nakuahidi, mlango siufungi tena.

Lala kwa amani, mume wangu. Kama nakosea, nijie ndotoni upesi, Alhamisi haiko mbali.

Mkeo,
Mama Athumani