Bastola ya Mbio na Masikio ya Bi Zuwena

Haji wangu,

Hujambo sikuulizi, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa ukijibu "sijambo" huku unakohoa. Naingia kwenye habari. Bastola mpya ya kuanzishia mbio za jumuiya yetu hapa London nimeinunua mimi, nimeikagua mimi, kwa masikio yangu haya mawili kama ulivyonifundisha, na kasoro iliyokuwemo nimeigundua mimi kabla ya mtu yeyote. Fundi mmoja kaondoka, mmoja kabaki.

Haya. Nimeinuka kwenda kutia maji kwenye birika, nimerudi, na maneno hayo bado yapo kwenye karatasi yananiangalia. Uongo, yakhe. Kununua nilinunua, hilo kweli. Mengine nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitaka tu kuona kama huko uliko mtu bado anaweza kukasirika.

Tangu jana sikai. Naketi, nasimama, nachungulia dirishani, basi linapita, narudi. Mguu unacheza wenyewe chini ya meza. Kwa hiyo nakuandikia, labda mguu utatulia.

Kwanza ujue kwamba ile bastola yako haipo tena. Wiki ya tatu baada ya maziko, mwanao Abdalla alikuja kupanga vitu vya karakana yako, akaikuta ndani ya kopo la biskuti, katikati ya sindano za cherehani. Hakuuliza mtu. Aliizungushia taulo akaipeleka polisi, kama jambazi aliyetubu. Nilipata habari imeshakwenda. Nikamwambia, "We Abdalla, kile kitu hakijapata kuona risasi maisha yake! Mtutu umezibwa, kinatiwa fataki tu, kazi yake kulia watu wakimbie." Akanijibu kwa Kiingereza kirefu. Nikamwambia aseme kwa lugha ya mama yake. Akafikiri, akasema, "Ami Makame, ni bunduki." Ndiyo Kiswahili chote nilichopata siku hiyo. Usimkasirikie. Alikuwa analia huku anasema.

Basi hapo Seif, katibu wetu, akapata mwanya. Unamjua, huyu kila kitu kwake kina kitufe. Akaja kikaoni na spika. Ukibonyeza inapiga piii, kama mikrowevu chakula kikishapata moto. "Mzee Makame," ananiambia, "dunia imesonga. Hii haitaki baruti, haitaki maelezo kwa polisi." Nikamwambia, "Watu wetu wakisikia piii watakimbilia jikoni, hawatakimbilia utepe." Watu wakacheka, lakini nikawaona wengine wanaitikia kwa vichwa, upande wake.

Nami nilikuwa nimekuahidi. Pale hospitali, umenishika mkono wa koti, pumzi zimekwisha, badala ya kuniusia watoto wako unaniambia, "Makame, usiwaache wapige filimbi." Mtu anakufa na mawazo yake yapo kwenye mbio za magunia! Nikasema, "Bastola haitanyamaza, Haji." Nilisema kwa sauti ili na nesi asikie, awe shahidi.

Nikapigana na Seif mpaka tukafika hapa: mbio ya kwanza, mlio wa kwanza. Ikilia, bastola inabaki na spika inakwenda kutangazia harusi. Ikigoma, hata mara moja tu, piii milele. Mbele ya kamati nzima nikasema sawa. Wewe unajua mdomo wangu.

Nikapanda treni mpaka Southall. Kuna duka dogo la vitu vya michezo vilivyotumika, makombe, mipira, filimbi tele (nilizigeuzia mgongo). Mwenyewe ni Singasinga mzee aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili chake cha kwao huko, kinakwenda kama lori mlimani. Nilipotaja bastola ya kuanzishia mbio akataka kitambulisho. "Sheria, mzee. Lazima nione kama umefika miaka kumi na minane." Nikamwambia nimefika jana. Akacheka mpaka kilemba kikatikisika, akanitolea mbili, ndogo, za mtindo ule ule wa yako, zimepakwa rangi ya chungwa inayoumiza macho, maana hapa sheria inataka isifanane na ya kweli.

Sasa, Haji, nilikukumbuka vizuri. Nilifanya kila kitu. Nikahakikisha ni tupu: nikatazama, nikatia kidole, nikatazama tena, maana ulikuwa ukisema jicho ni mvivu. Nikatafuta ufa kwenye kiunzi, pale juu ya silinda, kwa sababu hizi za bei ndogo zimemiminwa kwa madini laini, hupasuka hapo. Nikaangalia vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa, kwamba mtu asiyejua kashafungua. Singasinga ananitazama kwa heshima. Nikavuta kinyundo kwa dole gumba, nikainamisha kichwa, nikafumba macho kama wewe, nikasikiliza.

Nikasikiliza nini? Vidude vyangu vya masikio vilikuwa mfukoni.

Nilivitoa mlangoni. Sikutaka yule bwana aone nimekuja kukagua mitambo huku nimetiwa mashine masikioni kama redio. Nikasimama pale nimefumba macho, nimekunja uso wa kifundi, sisikii hata pumzi zangu. Nikafumbua nikasema, "Safi kabisa." Akasema, "Una uhakika? Kagua tena, mzee, hizi kitu nimenunua na jumla, mimi sijui moja moja." Angalia uungwana wake. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, mimi nimefundishwa na Haji."

Nimekutia aibu mpaka Southall.

Ijumaa baada ya sala nikaipeleka nyumbani kwako. Nilitaka niikague jikoni pale pale ulipokuwa ukikaa wewe kila mwaka, siku mbili kabla ya michezo, na kitambaa chako na mafuta yako ya cherehani. Mkeo, Bi Zuwena, alikuwa anakaanga vitunguu, kanipa mgongo. Eda imekwisha, lakini hajaanza kucheka vizuri. Nikaketi kwenye kiti chako. Kiti chako kinaumiza, sijui ulikivumiliaje. Nikavuta kinyundo, nikakirudisha taratibu. Nikavuta tena. Kwa madaha, mtu aone.

Shemeji hakugeuka. Akasema, "Moja haipo."

Nikamuuliza moja gani.

"Vuta tena." Nikavuta. Akazima jiko. "Ta, ta. Ya tatu iko wapi? Ya Haji ilikuwa inaalika, inasema ta, mara tatu. Hiyo ina mbili."

Yakhe, nikatia vidude vyangu masikioni mbele yake, aibu imekwisha, nikavuta. Ta, ta. Kimya. Na wewe ulinifundisha mwenyewe: ya kwanza kinyundo kimeamka, ya pili silinda inazunguka, ya tatu silinda imefunga. Bila ya tatu huna bastola, una njuga. Nikaigusa silinda kwa ukucha, kinyundo kiko nyuma kabisa, ikacheza huku na huku kama jino la mtoto. Ingelia mara nne, mara ya tano kinyundo kingepiga pembeni ya fataki, na kwa bahati yangu mara hiyo ya tano ndiyo ingekuwa Jumapili, Seif kasimama na kitufe chake.

Nikamtazama mkeo kama ndiyo kwanza namwona. Miaka yote ile mimi na wewe tumekaa pale mezani tunajifanya mabingwa, tunamwambia "shemeji, chai," na yeye amegeukia jiko anahesabu.

Basi Jumamosi tukaenda Southall wawili. Alivaa buibui lake jipya na juu yake lile koti lako la mvua. Njia nzima alikuwa anapiga kidole kwenye mkoba, ta ta ta, ta ta ta, kama anayesoma uradi. Dukani yule bwana akaanza kumweleza. Akamwambia, "Usiseme kitu, baba. Zivute tu." Akasimama kauelekea ukuta wa makombe. Singasinga akavuta ya kwanza. "Hiyo mgonjwa." Akavuta ya pili. Ta, ta, ta, hata mimi nilisikia, kavu, kama mtu anayevunja kijiti. Shemeji akafunga macho. Akasema, "Hii." Yule bwana akaichukua mbovu, akaiweka chini ya meza, akasema, "Mama, wewe ningekuajiri."

Nimekuambia kasoro ya masikio. Ya dole gumba sikukuambia, na nimesimama tena na nimekaa tena kabla ya kuandika hapa. Siku ile ya kwanza bastola zote mbili nilizishika. Hii nzima nilikuwa nayo mkononi tangu mwanzo. Niliiacha kwa sababu springi yake ngumu na dole langu, kwa hii baridi yabisi, halikuweza kuivuta mpaka mwisho. Ile mbovu ilikuwa laini, inavutika kama droo ya zamani, nikajiambia laini ndiyo nzuri. Nilichagua bastola inayofanana na mimi. Na hilo sikumwambia mtu yeyote, hata Jumamosi njiani tunarudi.

Jumapili. Uwanja ule ule, nyasi zimelowa, manyunyu yale yasiyojua kama yanataka kunyesha au kuondoka. Mbio ya kwanza ilikuwa ya akina mama, wamejipanga, mitandio wameifunga nyuma, wanatukanana kwa mapenzi. "We Asha, ukinikanyaga leo nitakudai mpaka akhera!" Seif amesimama pembeni na spika mikononi kama anabeba mtoto wa mtu. "Mara moja, mzee," akasema, si kwa ubaya. Nikainua mkono. Nikaanza kuvuta kinyundo. Ta. Nikavuta. Ta. Nikavuta, Haji, meno nimeyauma, na kinyundo hakiendi. Akina mama wameinama. Niliona mkono wa Seif unasogea kwenye kitufe, na nakuapia hakuwa na furaha usoni.

Nikakiachia kinyundo polepole. Nikageuka nimtafute shemeji, nikamwona anakuja juu ya nyasi na viatu vyake vya jikoni. Nilimnyooshea bastola tu, mtutu chini, kama tulivyozoea kupokezana mimi na wewe. Akanong'ona, "Dole?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaipokea.

Akainua mkono juu, ule ulioshika mwiko miaka hiyo yote. Ta. Ta. Ta. Mwili wangu wote ukawa sikio.

Ikalia.

Bata wa bwawani wote wakaruka, mtoto mmoja akaangua kilio, akina mama wakaondoka kama wamefukuzwa na nyuki, Asha kamkanyaga mwenzake hatua ya pili tu. Watu wanapiga makelele. Seif akaiweka spika ndani ya mfuko, akafunga zipu, akapiga makofi, kwa uungwana, nampa haki yake. Na mkeo bado mkono uko juu, moshi unamteremkia. Nikamsogelea. Akasema, "Miaka yote naisikia ikialika jikoni. Sijapata hata mara moja kuisikia ikilia."

Kweli, Haji. Kila mwaka tulimwacha ukumbini na masufuria ya biriani. Hatukuwahi kumwambia njoo. Wewe hukumwambia, na mimi sikukukumbusha. Tulisimama pale wawili, mvua inatupiga, simwangalii naye haniangalii, mpaka ikaitwa mbio ya watoto, akaniambia, "Leta fataki nyingine, usisimame kama nguzo."

Akaanzisha mbio zote. Zote! Watoto, magunia, vijana, hata ile ya wazee wenye fimbo. Biriani ikaungua kidogo kwa chini na hakuna aliyelalamika.

Sasa unajua kwa nini mguu unacheza. Ahadi yako nimeitimiza, lakini nimeitimiza kwa mkono wa mtu mwingine, na sijui kama napaswa kufurahi au kununa, kwa hiyo nafanya yote mawili, kwa zamu. Bastola iko kwake, ndani ya kabati la vyombo, imefungwa kwa ufunguo, na Abdalla keshaambiwa kwa lugha zote mbili asiiguse. Nami nakuahidi hili: kila mwaka, Ijumaa ile, nitakwenda jikoni kwako, vidude masikioni, nitavuta nusu nitakayoweza na yeye atavuta iliyobaki, na hatakaa tena na masufuria wakati wa mbio. Nitapika mimi. Watu wa London wajiombee dua.

Pumzika, yakhe. Nimechoka kukusema, na kunyamaza pia siwezi. Mungu akuweke pema, na kama huko kuna cherehani mbovu, usiwaambie unajua kutengeneza, watakusumbua.

Ila kuna kitu kimoja, na usijifanye umelala. Miaka ile yote uliyokuwa unafyatua wewe, nani alisimama kule mwisho wa uwanja anashika utepe, mvua inamwingia shingoni? Mimi. Mara ngapi uliniambia, "Mwakani zamu yako, Makame"? Mwakani haikuja. Basi nakudai. Mtokee mkeo ndotoni, hata mara moja, usimtishe, mwambie mbio ya wazee ya mwaka ujao aniachie mimi. Yeye avute kinyundo. Mimi nibonyeze kifyatulio tu.

Makame