Nani Atakuja Tairi Likipasuka

Jumatatu, 4 Septemba

Kinu cha unga kimebandika tangazo kwenye dirisha la karani. Kuanzia mwezi wa kumi, mwenye lori binafsi asiye na mkataba wa huduma ya matairi njiani hapakii mzigo. Madereva wa makampuni walisoma wakacheka. Wao wana mabosi wa kuwahangaikia. Mimi bosi ni mimi, dereva ni mimi, utingo ni mimi.

Karani akaniuliza nanunia nini, mbona mimi na Sapabek hatujawahi kuhitaji kampuni. Nikamwambia Sapabek aliuza lori lake tangu Machi. Kumbe hakujua. Akanipa pole, kama mtu aliyefiwa.

Nimerudi nyumbani, nimechemsha chai. Bado napima majani ya watu wawili — mke wangu ana miaka minne kaburini na mkono haujajifunza.

Jumatano, 6 Septemba

Nimekwenda kwenye ofisi ya kampuni ya matairi, nyuma ya soko la vipuri. Anayeandikisha ni dada mmoja, Jansulu, rika la binti yangu aliyeolewa Pavlodar. Ananiita baba. Maswali chungu nzima. Lori la mwaka gani, ekseli ngapi, njia gani. Aktobe hadi Aktau, nikasema. Kwenda unga, kurudi chochote kitakachopatikana.

Kisha akauliza, "Miaka yote hii, baba, tairi likipasuka ulikuwa unampigia nani?"

Rafiki, nikasema.

"Na yeye?"

"Ananipigia mimi."

Akashika kalamu, akatafuta kisanduku cha kuandika jibu hilo. Hakukiona. Akageuza ukurasa.

Miaka kumi na tisa! Mimi na Sapabek tumezaliwa mwaka mmoja, na kwetu watu wa rika moja hutaniana bila mpaka. Aliniita Mzee Pancha. Mimi nilimwita Bwana Upepo, kwa maneno yake mengi. Mmoja anatangulia, mwingine yuko nyuma mwendo wa saa moja au mbili. Likipasuka la wa mbele, wa nyuma atamkuta. Likipasuka la wa nyuma, wa mbele anageuza. Hapakuwa na karatasi. Hata asante hatukuambiana.

Ijumaa, 8 Septemba

Jansulu amekuja uani kukagua. Mfupi, viatu vya matope, tochi mdomoni. Amezunguka lori na tela, akapapasa kila tairi kama daktari wa ng'ombe. Mawili ya tela vipara, lazima yatoke. Moja ni lile alilonipa Sapabek kule Beineu, la kwake la akiba, akaendelea na safari bila akiba. Nikajaribu kulitetea, eti litamaliza msimu. Akasema hilo hata mbuzi haliwezi kumbeba.

Nimenunua mapya. La Sapabek nimelipeleka bandani. Jirani aliliomba akate vipande vya bawaba za lango. Nikamnyima, nikashindwa kumweleza kwa nini.

Jumanne, 12 Septemba

Simu ya Jansulu. Kuna tatizo. Kampuni ina fundi Beineu na ina fundi Aktau. Katikati, kipande chote cha Sai-Utes, haina mtu. Tairi likipasuka hapo mkataba hauna meno. Anatafuta fundi, nimpe siku mbili.

Ni kipande kilekile. Basi niandike. Hakuna anayesoma.

Januari. Tulikuwa tunakwenda Aktau, mimi nimetangulia kilomita sitini. Dhoruba ya theluji, barabara haionekani. Sapabek akapiga. Matairi mawili yamepasuka kwa mpigo, la akiba analo moja. Akasema, "Pancha, geuza." Nilisikia kila neno. Nikasema haloo, haloo, inakatika.

Haikuwa inakatika.

Nimejiambia mara mia kwamba ni mzigo. Safari ile nilibeba mayai badala ya unga, yangeganda. Si mayai. Niliogopa kugeuza tela katika theluji ile. Nilimwona mwenzangu mbali na kifo karibu.

Alikaa saa saba. Dizeli iliganda, injini ikazima, joto la kebini likafa. Lori la chumvi ndilo lililomwokota. Hospitalini walimkata vidole viwili vya mguu wa kulia.

Nilikwenda kumwona na chupa ya shubat, maziwa ya ngamia anayoyapenda. Akanywa. Kabla sijafungua mdomo akasema mtandao wa kule ni mbaya sana. Yeye ndiye aliyenipa uongo wangu, ameukunja vizuri kama shati. Nikaupokea. Nikasema ndiyo, mbaya sana.

Hajapiga tangu siku hiyo. Wala mimi.

Jumatano, 13 Septemba

Jansulu amepiga saa tatu asubuhi, sauti yote furaha. Amepata fundi wa Sai-Utes! Mtu mzima, dereva wa zamani, ana kigari cha mizigo na mashine ya upepo, amehamia huko kwao mkewe. Anachechemea kidogo lakini anaijua njia kama kiganja chake. Jina lake Sapabek.



Nikamuuliza kama fundi ameona majina ya madereva wa kipande chake. Ameona, akasema. Lazima akubali kila mmoja, ndio utaratibu. Jansulu alimsomea orodha kwenye simu. Kwenye jina langu fundi alimwambia arudie. Akarudia. Akasema sawa, endelea na lingine.

"Mnafahamiana, baba?"

Nikasema ni njia moja, watu hufahamiana.

Nimetia saini mchana. Hakuna kampuni nyingine inayofika kule, na bila mkataba hakuna unga. Hayo ndiyo niliyojiambia ofisini. Jansulu amenipa kadi yenye namba, niibandike juu ya usukani. Amenipongeza. Eti sasa siko peke yangu barabarani.

Jumapili, 17 Septemba

Aktau. Nimefika salama, nusu salama. Kabla ya Beineu tairi la tela lilikula msumari, nikabadilisha mwenyewe, nikafunga la akiba. Kazi ya saa nzima. Jasho na upepo baridi.

Sai-Utes nilipita saa sita mchana. Nilikiona kigari chake, cha bluu, nje ya nyumba ya pili kutoka barabarani. Mashine ya upepo mgongoni. Mtu ameinama karibu yake, sikuona uso. Zamani hatukupitana bila honi tatu. Mkono wangu ulifika kwenye honi. Ukakaa hapo mpaka nyumba zikaisha.

Jumatano, 20 Septemba

Siku tatu nangoja mzigo wa kurudi. Leo nimepakia mabomba, kesho naondoka. Tairi lenye msumari bado liko mgongoni mwa tela. Fundi wa matairi yuko hatua mia kutoka hapa, na nilikuwa na siku tatu nzima za kukaa bure. Sikulipeleka.

Nimejiuliza kwa nini. Nimeacha kujiuliza.

Alhamisi, 21 Septemba

Limepasuka! Saa nne na robo asubuhi, tela, upande wa kulia nyuma, kilomita arobaini kabla ya Sai-Utes. Tambarare tupu. Ngamia watatu, hakuna kingine. Nimepiga namba ya kadi. Sauti ya Jansulu. Akasema nitulie, fundi anaondoka sasa hivi, mkataba unampa muda wa saa tatu kufika.



Saa tano kasoro kumi. Kigari cha bluu kinakuja. Dakika thelathini na tano tu.

Saa tano na nusu. Naandika nikiwa kwenye kebini. Niandike kama ilivyokuwa.

Alishuka taratibu, mguu wa kushoto kwanza. Amekonda. Kofia ileile ya manyoya. Nilimpa mkono, akaupokea, mkono mkavu. Akaniuliza namba ya mkataba. Nikaisoma kwenye kadi kama mtoto wa shule, akaandika. Akauliza nilipiga saa ngapi. Akaandika. Akauliza kwa nini sina la akiba. Nikasema lina msumari. Tangu lini? Tangu Jumapili. Akanitazama kidogo. Hilo hakuliandika.

Hakuna utani. Bwana Upepo, na upepo wote umemtoka.

Akaanza kuvuta jeki chini ya tela. Nikainama kuishika upande wa pili, mkono umezoea. Akasema niache, mteja hagusi kazi. Hapo ndipo nikasema. Sikuwa nimepanga.

"Januari nilikusikia. Kila neno."

Hakuinua kichwa. Alisukuma jeki mpaka ikakaa pale alipotaka.

"Najua," akasema. "Panda ndani, Orazgali. Mteja hukaa kwenye gari. Ni sheria ya kampuni."

Orazgali! Miaka kumi na tisa hajawahi kuniita jina langu.

Nikapanda. Nimekaa hapa dakika ishirini. Namwona kwenye kioo. Amelegeza nati tano. Ya sita imegoma. Ameingiza bomba refu kwenye mpini wa spana, amelipanda kwa miguu yote miwili, anaruka uzito wake wote. Mguu wa kulia unateleza. Hauna cha kushikia. Amejishika kwenye tela.

Amepanda tena. Ameteleza tena, amepiga goti kwenye changarawe. Amekaa chini. Anatazama barabara upande wa Aktau, si upande wangu.

Nati ile inataka uzito wa watu wawili. Anajua. Hajaniita, na hataniita.

Glavu nimevaa, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Mlango nimeufungua. Akinifukuza nitarudi nikae. Anainuka, anapanda bomba mara ya tatu —