Mfuniko Badala ya Nailoni

Katonga, Kigoma
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Honorata,

Natumaini u mzima, na masomo ya uuguzi hayajakumaliza. Kile kikohozi kimeisha? Sisi tupo. Diana anaota meno, halali, kwa hiyo nami silali. Shemeji yako Thobias bado anapakia dagaa bandarini Kibirizi.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu hapa ni ya nyumba nzima, na hili si la nyumba nzima.

Ulipokuja likizo ulitukataza kufunika wali kwa nailoni unapokauka. Ulisema plastiki ikipata moto hutoa kemikali zinazovuruga homoni, na mtoto mdogo ndiye wa kulindwa kwanza. Nilikusikia. Uji wa Diana nautia kwenye bakuli la bati, na yale mafuta ya manukato uliyoyakataza nimeacha kumpaka.

Kazi ilikuwa kwa mama mkwe. Kwake yeye, wali bila nailoni haujaiva. Tulinuniana wiki nzima. Nikamwambia haya si maneno yangu, ni ya Honorata anayesomea uuguzi. Akaanza kufunika kwa jani la mgomba, na wali ukaiva vizuri tu, ingawa hakusema.

Sasa Jumapili ukatuma picha mnapika hosteli. Mnacheka, mmependeza. Nyuma yenu kuna sufuria ya wali, imefunikwa nailoni. Mimi sikuiona. Mama mkwe aliiona.

"Muuguzi wenu huyo," akasema. "Nailoni yake haina neno, yangu ndiyo sumu?"

Jioni ile nailoni ikarudi kwenye sufuria, na Diana ameanza kulishwa wali wa humo humo.

Najua mnarudi kutoka wodini mmechoka, na vyombo mnaazimana. Nami nimechoka, mdogo wangu. Lakini katika nyumba hii nilitumia jina lako, na sina lingine.

Erasto, yule jirani yetu, anapanda treni kesho. Anakuletea mfuniko wa marehemu mama, ule mzito, unaobana. Wenzako nao waambie habari ya nailoni, maana siku moja watakuwa wanafundisha wajawazito.

Nisalimie shangazi Scola ukienda kwake. Thobias anakusalimu. Mama mkwe naye, kwa kununa kwake. Mungu akutangulie kwenye mitihani.

Ukipika tena, tuma picha nyingine. Mfuniko uonekane.

Dada yako, nakupenda hata ninapokukaripia,
Recho