Cheti cha Nikaha Isiyokuwapo

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano

Kwa kaka yangu mpenzi Sufyan,

Assalaam aleikum warahmatullahi. Natumai barua hii itakukuta huko Doha u mzima na kazi haijakuchosha. Sisi kwa afya hatujambo. Goti la Mama limepoa, na dada yetu Fairuz bado afungua duka lake la hina kila asubuhi. Lakini nyumba haina amani, kaka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu; barua nitaipiga picha nikutumie leo hii.

Wajua Khubaib alimposa Fairuz mwaka juzi, na nikaha imeahirishwa mara tatu. Mara nyumba yake ya Kizingo haijapakwa rangi, mara mamake yuko safarini. Juni iliyopita, siku za mwisho za kupeleka ritani, zile fomu za kodi, alikuja na laptopu yake akasema ataka kumwandika Fairuz kama mkewe, ati kodi yake ipungue. Fairuz akauliza kama yafaa. Akacheka, akasema mchumba na mke ni wiki chache tu, na serikali haiji kuhesabu mito kitandani. Hayo mbele ya Mama.

Kodi haikupungua. Sasa ofisi ya kodi imeandika kutaka cheti cha ndoa, na Fairuz ametajwa kwenye barua hiyo hiyo, kwa kuwa pini yake, ile namba ya kodi, ndiyo iliyotumika. Wadhani Khubaib alikwenda kukiri? Amepata mtu wa kumwandikia cheti chenye tarehe ya mwaka jana, kwamba walioana kwa siri. Na kwa vile Baba hayupo, walii wa kumwozesha ni wewe.

"Sufyan ataulizwa na nani huko Doha?" alisema, akinywa kahawa yetu. "Aseme tu aliozesha kwa simu."

Mwaka mzima Fairuz amelala chumba kimoja na mimi. Leo mtaa uambiwe alikuwa mke wa siri, na huyo bwana akighairi kesho, aitwe mtalaka kwa nikaha ambayo hata haluwa yake hakuila? Mama asema bora tusitiri, maadamu wataoana. Fairuz akasimama akasema, "Mimi sijaolewa, na sitaandikwa nimeolewa," akaingia ndani. Mpaka leo Mama hasemi naye.

Sasa niungame. Fomu ile ilikuwa ya Kiingereza, na Khubaib huniita mwalimu wa Kizungu, basi mimi ndimi niliyeijaza. Chini palionya kwamba anayetoa taarifa za uongo atenda kosa. Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Fairuz akaniuliza pale pamesema nini. Haya zikanishika mbele ya shemeji, nikamjibu ni maneno ya kawaida tu. Nikabonyeza, fomu ikaenda.

Jana nilikwenda peke yangu mpaka ofisi ya kodi, na sare ya shule, nikamweleza karani mmoja, Bi Rosebella. Hakunigombeza. Alisema ritani yaweza kusahihishwa sasa. Cheti cha uongo kikishaletwa, ni kesi. Fairuz nimeshamwambia. Hakunipiga. Heri angenipiga. Kesho twaenda pamoja ofisini kusema kweli.

Khubaib atakupigia Ijumaa baada ya sala. Atakuita shemeji, atacheka. Mwambie hukuozesha mtu.

Mama hajui nimeandika, lakini kila siku akuombea. Fairuz asema ule vizuri. Nisamehe, kaka, na Mungu akuhifadhi.

Mimi nduguyo,
Zakiya