Nyumba ya Bi Zuwena Kwenye Skrini

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Jang'ombe sote wazima, na bibi yako bado ananifunga kwenye karata.

Unauliza nilivyokubali kampuni yetu ichore nyumba kwa kompyuta. Ilikuwa siku mteja wetu, Bi Zuwena, alipooneshwa nyumba yake kwenye skrini, hata msingi haujachimbwa. Akapiga ukelele: "Mtume! Mgeni akifunguliwa mlango tu ananiona jikoni kichwa wazi!" Tukacheka, na mlango ukahamishwa pale pale.

Michoro yangu ya karatasi watu walikuwa wakiitikia tu, "Sawa, fundi." Jioni nikamuuliza bibi yako kama na jiko letu, nililolichora mwenyewe, linaonekana tokea mlangoni.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hii nakustahi, leo ndiyo unauliza?"

Babu yako, aliyebomoa ukuta wiki ile ile akauhamisha mlango.