Elfu Tatu za Betri

Jumatatu, 3 Machi
Shilingi kumi na tisa. Mwaka jana niliponunua hisa za kiwanda cha betri zilikuwa arobaini! Jioni tumekutana saluni kwa kinyozi tunayemwita Profesa — sisi tisa wenye hisa, Mama kakaa kiti cha mbele kama mgeni rasmi. Profesa kachora bei kwenye kioo kwa sabuni, mstari umeteremka hadi rafu ya vitana. Chini yake vijiti, kimoja kwa mauzo ya kila siku. Eti bei ikishuka na mauzo ni madogo, hakuna anayekimbia. Na mauzo yakiwa makubwa? Basi wakubwa wenye pesa wanakusanya kimyakimya. Yaani siku mbaya haipo. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa jiografia, aliandika kila neno. Kichefuchefu kitupu.

Ijumaa, 7 Machi
Kumi na saba. Kwenye grupu la simu anayenunua hutangaza, tunampigia makofi. Anayeuza hana utaratibu wake, maana hakuna anayeuza. Watakatifu watupu! Mwalimu katangaza kaongeza hisa hamsini. Makofi. Mchana alikuja hapa duka la dawa ninapouza kununua vidonge vya tumbo, akaomba nimkatie nusu karatasi, nzima pesa haitoshi.

Wananiudhi, lakini Mama nilimwingiza mimi. Miaka thelathini na moja ya ukunga, nusu ya kiinua mgongo ikaenda kwenye betri. Nilimwambia umeme ukikatika watu watanunua nini? Nusu iliyobaki benki ni ya bati jipya. Chumbani kwake kuna ndoo mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeweka zangu zote sokoni. Elfu tatu, kwa kumi na sita. Wakala wa hisa alinitazama juu ya miwani, akasema wanunuzi hawaonekani, nivumilie siku mbili tatu.

Mama sikumwambia. Nilipiga hesabu: nikimwambia, naye akaweka zake, bei itaporomoka kabla zangu hazijatoka. Ndivyo nilivyofikiri, tena nikiwa nakunywa chai aliyonipikia yeye. Nimeandika ili nijisome. Inanuka.

Jumanne, 11 Machi
Haijatoka hata moja.

Profesa kaziona kwenye orodha ya soko. Kaandika kwenye grupu: kuna mkubwa kaweka elfu tatu kwa mpigo ili kututisha, tuuze kwa woga, kisha azizoe zote. Mwenye moyo anunue, tumuumbue. Mkubwa mwenyewe mimi, nimevaa kandambili, nahesabu dawa za minyoo! Wote wakapiga makofi. Ningenyamaza wangenishuku. Nikapiga na mimi.

Jumatano, 12 Machi
Zimetoka. Saa nne asubuhi, zote, mnunuzi mmoja. Niliimba dukani hadi mteja akaniuliza kama naolewa.

Jioni saluni. Kijiti cha leo kilikuwa kirefu mpaka Profesa alipanda kibao kukichora. Jana sifuri, leo elfu tatu na hamsini. Mnaona, akasema, wakubwa wameingia. Zile elfu tatu nazijua. Hamsini je, kauza nani? Mwalimu alikuwa akichunguza viatu vyake. Nikamdharau, kisha nikakumbuka na mimi ni muuzaji.

Mama alitabasamu tu. Tulipofika nyumbani akaniketisha mezani.

"Mwanangu, nilitaka ujue wewe kwanza. Yule mkubwa wa kututisha, zile elfu tatu nimezichukua mimi."

Nikamuuliza kwa pesa gani, na jibu nalijua.

"Ya bati. Bati litasubiri. Nilikuwa na wasiwasi, sikufichi. Huyo Profesa wenu anapenda kusema. Lakini nilipoona hata wewe umepiga makofi, nikasema basi, mwanangu hawezi kuniacha nipotee."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, nikamuuliza kama amekula.

Mama herufi za simu hazioni vizuri. Kanipa simu yake nimwandikie tangazo la grupu, asome kila mtu: nimenunua hisa elfu tatu. Ipo hapa kando ya daftari. Nimeandika "Nimenunua hisa", nikafuta, nikaandika tena. Mwalimu keshaniuliza pembeni nani kanunua, bila shaka amuuzie na zake. Najichukia.

Mvua imeanza. Namsikia chumbani akisogeza ndoo. Anauliza kama nimeshatuma.